Tusaini mkataba wa ukumbi sasa, au tusubiri wadhamini?

"Sisi ni watu sita, kila mmoja ana kazi yake ya kuajiriwa, na sote tunachangia programu huria kwa muda wetu wa ziada. Tumeamua kuandaa mkutano wa siku mbili miezi minane kuanzia sasa, wenye mikondo mitatu ya mada kwa wakati mmoja, na tunatarajia watu wapatao 200, ambao tungependa kuwapa chakula. Tungependa kiingilio kiwe bure, kwa sababu maarifa ya programu huria hayapaswi kuuzwa. Ukumbi tulioupenda unadai nusu ya kodi siku ya kusaini na nusu ya pili mwezi mmoja kabla ya mkutano. Hatuna chombo kilichosajiliwa, lakini mwenzetu mmoja yuko tayari kusaini kwa jina lake na kupokea fedha kwenye akaunti yake. Kampuni moja imetuambia kwa mdomo kwamba itatudhamini. Nusu yetu wanataka tusaini kabla ukumbi haujachukuliwa na wengine, nusu wanataka tusubiri fedha, na mabishano yameanza kuwa makali. Tuanzie wapi? Na tutahitaji watu wangapi wa kujitolea?"

Ninyi mnabishana kuhusu ukumbi, lakini nikisoma maelezo yenu naona hofu iliyo chini ya mabishano hayo ni nyingine: mambo yakienda mrama, deni litamwangukia nani? Hofu hiyo ni ya haki, na ni afadhali imejitokeza sasa kuliko wiki mbili kabla ya mkutano. Jibu langu fupi ni kwamba msisaini bado, lakini pia msikae mkisubiri. Uombeni ukumbi uwashikilie tarehe kwa wiki chache bila malipo, na katika wiki hizo tafuteni chombo cha kuwabebea fedha, andikeni bajeti ya mkutano mdogo kuliko mnaouota, na igeuzeni ahadi ya mdomo ya mdhamini kuwa barua. Mambo hayo matatu yakikamilika, swali la kusaini litajijibu lenyewe.

Kushikiliwa tarehe ni jambo la kawaida katika biashara ya kumbi, na wengi hawalipati kwa sababu tu hawaliulizi. Msimamizi wa ukumbi huandika jina lenu kwenye kalenda yake, na akitokea mteja mwingine anayeitaka siku hiyohiyo, huwapigia simu kwanza na kuwapa siku chache za kuamua. Ombeni jambo hilo kwa maandishi, mkitaja tarehe ya mwisho ya kushikiliwa. Hapo wenzenu wenye haraka watapata ulinzi wanaoutafuta, na wenzenu waangalifu hawatalazimishwa kusaini wakiwa mikono mitupu.

Sasa niliseme suala la kiingilio, kwa kuwa nadhani hapa mna dhana inayohitaji kunyooshwa. Uhuru wa programu huria ni uhuru wa kuitumia, kuichunguza, kuisambaza na kuibadilisha, wala haukuwahi kuwa na maana ya kukataza mtu asilipwe. Kwa hiyo mkitoza kiingilio hamtakuwa mmesaliti imani yenu. Ni kweli kwamba ipo mikutano mikubwa isiyotoza chochote. FOSDEM, unaofanyika Brussels tangu mwaka 2001, huvuta maelfu ya wasanidi programu bila kiingilio na bila hata usajili. Lakini tazameni msingi wake: hufanyika katika majengo ya chuo kikuu, unategemea michango na wadhamini waliojengewa imani kwa miaka mingi, na hauwaandalii maelfu hao milo ya bure. Ubure wake umejengwa katika muundo wenyewe wa mkutano. Ninyi mnataka kuwaandalia watu chakula katika ukumbi wa kukodi, na hilo ni jambo la aina tofauti kabisa.

Ugumu wa tiketi ya bure ni kwamba haiwapi hesabu mnayoweza kuitegemea. Mtu aliyejiandikisha bila kulipa chochote hapotezi kitu akiamka na kuamua kubaki nyumbani, wala hawezi kulaumiwa. Ninyi, kwa upande wenu, mtakuwa mmeagiza chakula kwa idadi ya majina. Napendekeza tiketi za aina tatu: moja ya bei ya juu kwa anayelipiwa na mwajiri wake, moja ya bei nafuu kwa anayejilipia, na moja ya bure kwa anayeiomba, apewe bila kuulizwa sababu wala kutakiwa kuthibitisha umaskini wake. Watu wa programu huria huutendea haki utaratibu wa namna hii kuliko mnavyoweza kudhani. Mkishikilia kwamba wote waingie bure, basi walau muombe kila mtu athibitishe tena wiki mbili kabla, na nafasi ya asiyejibu apewe aliye kwenye orodha ya kusubiri.

Nataka kukaa zaidi kwenye fedha, maana hapa ndipo mikutano ya kujitolea huvunjikia, na mara nyingi huvunjika wakati hesabu za karatasini zinaonyesha faida. Chukueni gharama zote za mkutano wenu kuwa sehemu 100. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba ukumbi unakula sehemu 40, sauti na projekta 10, nauli na malazi ya wazungumzaji 15, bima na uchapaji 5. Hizo ni sehemu 70 zisizobadilika: waje watu 50 au waje 200, mtalipa zilezile. Sehemu 30 zilizobaki ni chakula na beji, ambazo hupanda na kushuka kwa idadi ya watu. Wakija watu 100 badala ya 200, gharama hazishuki hadi 50 bali hadi 85 tu. Ndiyo maana kauli ya kwamba "wakija wachache tutatumia kidogo" huwapoteza waandaaji wengi.

Dawa yake ni kuoanisha aina za mapato na aina za gharama. Fedha za tiketi zilipie yale yanayobadilika, yaani chakula na beji, na fedha za wadhamini zilipie yale yasiyobadilika. Mkifanya hivyo, idadi ya watu ikiyumba haitawazamisha, kwa sababu kila asiyekuja anaondoka na gharama yake. Hatari pekee itakayobaki ni upungufu wa wadhamini, na upungufu huo unaonekana miezi kadhaa mapema, ilhali upungufu wa watu huonekana asubuhi ya siku yenyewe. Mkiingiza watu bure, mnaubeba mzigo kwa pande zote mbili: anayekuja anaongeza gharama, na asiyekuja ameacha sahani iliyokwisha kulipiwa.

Jambo la pili ni wakati. Ukumbi unataka fedha yake leo. Mdhamini atalipa baadaye, na pengine baadaye sana. Kati ya mtu wa kampuni kusema "tutawadhamini" na fedha kuonekana kwenye akaunti kuna hatua nyingi: msimamizi wake akubali, fungu litengwe, mkataba usomwe na wanasheria wao, ankara itolewe, kisha idara ya fedha isubiri siku 30 au 60 kama ulivyo utaratibu wa kampuni nyingi. Aliyewaahidi anaweza kuwa mkweli kabisa na bado fedha ikafika mkutano umekwisha. Niliwahi kushauri timu moja iliyokuwa na wadhamini wa kutosha kwa maandishi, lakini mwezi mmoja kabla ya mkutano haikuwa na uwezo wa kulipa nusu ya pili ya ukumbi, na waandaaji wawili wakatoa akiba zao za nyumbani. Walirudishiwa, ila mmoja hakushiriki tena mwaka uliofuata. Kwa hiyo pamoja na bajeti, chukueni karatasi ya pili yenye safu tatu: tarehe, fedha inayotoka, fedha iliyokwisha kuingia. Msiandike kwenye safu ya tatu kitu chochote ambacho benki haijakiona.

Na bajeti yenyewe iwe mbili. Ya kwanza ni ya mkutano mnaoutaka. Ya pili ni ya mkutano ambao mngeridhika nao kama mdhamini mmoja tu angejitokeza: pengine siku moja, mkondo mmoja, chai pekee. Kila mnachokisaini kipimwe kwa bajeti ya pili. Wahenga walisema ahadi ni deni, na mwandaaji hutoa ahadi nyingi bila kujua kwamba anakopa: akitangaza tarehe anawakopa wasafiri, akimkubali mzungumzaji anamkopa nauli, akitangaza mikondo mitatu anakopa kazi ya watu ambao bado hajawapata. Mpangilio wa maandalizi ni mpangilio wa ahadi hizo, kwamba kila moja itolewe baada ya kitu cha kuibeba kupatikana.

Hapo ndipo namfikia mwenzenu aliyejitolea kusaini. Nia yake ni njema, lakini mkataba uliosainiwa kwa jina la mtu ni deni la mtu huyo, pamoja na fidia ya mali ikiharibika au mgeni akiumia. Fedha za wadhamini zikipita kwenye akaunti yake, mamlaka ya kodi inaweza kuziona kuwa kipato chake, na kampuni nyingi haziruhusiwi hata kumlipa mtu binafsi. Isitoshe, akiugua au mkikosana, mkutano mzima umefungiwa ndani ya akaunti moja isiyoweza kuguswa na mwingine.

Jumuiya ya programu huria ilikutana na tatizo hili zamani, na suluhisho lake ni taasisi mlezi: chombo kilichosajiliwa tayari kinachopokea fedha kwa niaba yenu, kusaini mikataba na kutoa ankara, nacho hukata asilimia fulani kwa kazi hiyo. Software in the Public Interest, iliyosajiliwa Marekani mwaka 1997 kutokana na mradi wa Debian unaotengeneza mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, inatunza fedha za miradi mingi kwa namna hii. Nchini Australia, mkutano wa linux.conf.au, wa watumiaji na wasanidi wa mfumo huria wa Linux, ulioanza mwaka 1999, ulikuwa ukihama mji na kubadilisha waandaaji karibu kila mara, lakini mfuko ulibaki chini ya chama kimoja, Linux Australia. Waliochoka walipumzika na akiba ikabaki kwa waliofuata. Kwenu, mlezi anaweza kuwa chama cha watumiaji wa programu huria, idara ya chuo kikuu, au shirika lisilo la faida linalohusika na teknolojia. Kabla ya kukubaliana, ulizeni analipa ankara kwa siku ngapi, nani anaidhinisha malipo, anakata kiasi gani, na fedha zikibaki ni za nani. Sitawaficha kwamba walezi wengi ni wazito kulipa, hivyo karatasi yenu ya tarehe iongezewe siku hizo. Mnaweza pia kusajili chama chenu wenyewe, lakini usajili huleta taarifa za kila mwaka, mikutano ya wanachama na ukaguzi. Kwa mkutano wa kwanza ningesubiri. Kwa vyovyote, awepo mtu mmoja anayeandika kila kinachoingia na kutoka, na wa pili anayekagua kila wiki, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Mkataba wa ukumbi usomeni mkiwa wawili au watatu, kwa sauti. Bei haitawasumbua sana. Yanayosumbua ni yaliyo pembeni yake. Mkighairi miezi mitatu kabla mnapoteza kiasi gani, na mwezi mmoja kabla je? Mnaruhusiwa kuingia jioni ya siku iliyotangulia ili kupanga vifaa, na kila saa ya ziada inatozwaje? Mnalazimishwa kununua chakula kwao? Nani anaendesha vipaza sauti, na yupo wikendi? Idadi ya viti waliyowatajia ni ya viti vitupu kwa safu, au ya viti vyenye meza? Tofauti hiyo peke yake inaweza kukata uwezo wa chumba karibu nusu, na katika mkutano wa watu wenye kompyuta mapajani, meza na soketi za umeme si anasa. Hakikisheni pia kwamba mtu anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kufika katika kila chumba na jukwaani, si mlangoni tu.

Kuhusu intaneti, msiridhike na jibu la "ipo na ni ya kasi". Watu 200 huja na vifaa 400 au zaidi, kwa kuwa kila mmoja ana simu na kompyuta. Mtandao wa ukubwa wa kawaida wa ofisi huwa na anwani zisizozidi 254 za kugawa, yaani namba ambazo kila kifaa hupewa ili kiunganishwe, nazo zikiisha wanaofuata hawaunganishwi hata kama kasi ya laini ni kubwa. Masafa ya Wi-Fi ya 2.4 GHz yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, kwa hiyo kuongeza vifaa vya kurushia Wi-Fi kwenye masafa hayo chumbani kunaweza kuzidisha fujo badala ya kuipunguza. Hakikisheni vifaa vinatumia 5 GHz pia, kwa nguvu ndogo na kwa wingi. Zungumzeni na fundi wa ukumbi mwenyewe, si mtu wa mauzo. Na kwa kila jukwaa ombeni waya wa mtandao wa peke yake, usiogawanywa na hadhira.

Kurekodi mada ni jambo jema, ila anzeni na sauti. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza, hamvumilii msemaji asiyesikika. Mikutano ya Debian imejenga kwa miaka mingi kikosi cha kujitolea kinachorekodi na kurusha matangazo mubashara kwa programu huria, na kazi yao ni ya kuigwa, lakini wao walifika hapo hatua kwa hatua. Mwaka wenu wa kwanza, rekodini bila kurusha mubashara.

Sasa hesabu ya watu. Kila chumba, kwa kila zamu, kinahitaji mwongozaji wa mada, mtu wa sauti na kurekodi, na mtu wa mlangoni. Vyumba vitatu ni watu tisa. Ongezeni watatu wa mapokezi na wawili wa kuzunguka, mnapata 14 kwa wakati mmoja. Siku ya saa nane ina zamu nne za saa mbili, kwa hiyo siku mbili zina nafasi 112. Mtu wa kujitolea amekuja pia kusikiliza, na si haki kumpa zaidi ya zamu nne. Hapo mnahitaji watu 28, na kwa kuwa wachache hawatatokea, tafuteni 35. Mkipunguza mikondo iwe miwili na mapokezi yawe na watu wawili, nafasi ni 80 na watu ni 20, au 25 pamoja na akiba. Mada nazo zinatoka 48 hadi 32, mkiwa na mada nane kwa chumba kwa siku. Kwa timu ya watu sita wanaoanza, mimi ningechagua mikondo miwili bila kusita. Hadhira ya watu 200 ikigawanywa mara tatu huacha vyumba vikiwa nusu tupu, na msemaji aliyesafiri mbali hastahili hilo.

Ninyi sita gawaneni maeneo: fedha, ukumbi, mada na wazungumzaji, watu wa kujitolea, vifaa na mtandao, mawasiliano. Kila eneo liwe na mwenyewe mmoja na msaidizi mmoja anayejua nywila zote na mazungumzo yote. Uchovu katika kazi ya kujitolea una njia yake: anayejibu haraka huulizwa zaidi, anayeulizwa zaidi hubeba zaidi, na hakuna aliyeamua iwe hivyo. Kwa hiyo katika kila kikao waulizeni watu ni kazi gani wangependa kuikabidhi, na mtu akisema amechoka, mshukuruni kwa kusema mapema.

Kwa miezi minane mliyonayo, mwito wa mada utoke miezi sita kabla na ufungwe miezi minne kabla, ili wanaotoka nchi nyingine wawe na muda wa viza. Kwa mfano, ombi la viza ya nchi za Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari, na uamuzi wa kawaida wa siku 15 unaweza kurefushwa hadi 45; kupata miadi ya ubalozini huongeza wiki nyingine. Barua ya mwaliko itoke wiki ileile mnayomkubali mzungumzaji. Nauli ya asiye na uwezo ilipeni ninyi moja kwa moja, kwani kumwambia atarudishiwa ni kumwambia asije.

Kanuni za maadili, yaani za jinsi washiriki wanavyopaswa kutendeana, msizinakili na kuziacha. Violezo vizuri vipo, vingi vikifuata kazi ya Ada Initiative, shirika la kuwaunga mkono wanawake katika teknolojia huria lililofanya kazi kati ya mwaka 2011 na 2015. Kinachokosekana kwa kawaida ni watu: chagueni wawili au zaidi wasio na majukumu mengine siku hizo, wenye namba ya simu iliyotangazwa, na wanaojua tayari hatua watakazochukua malalamiko yakija.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi haliyatoshelezi. Mkataba mpelekeeni mwanasheria wa mahali mlipo kabla ya kusaini, hasa vifungu vya fidia na kughairi. Mwoneni mhasibu kuhusu kodi ya fedha za udhamini, maana katika nchi nyingi kinachoitwa mchango na kinachoitwa tangazo hutozwa tofauti. Mkikusudia kutandaza nyaya za umeme za ziada, aje fundi aliyesajiliwa apime mzigo, na idadi ya watu inayoruhusiwa kiusalama ithibitishwe na mamlaka ya zimamoto, si na mwenye ukumbi. Ukumbi wenyewe utembeleeni siku ileile ya wiki na saa ileile ambayo mkutano utafanyika, mkaone lango gani limefungwa na kelele zinatoka wapi.

Mwisho, wekeni leo tarehe ya kuamua, miezi mitano kabla ya mkutano. Siku hiyo, kama udhamini uliosainiwa haujafikia gharama zisizobadilika za mkutano mkubwa, mtafanya ule mdogo, bila kura nyingine. Na yule mwenzenu aliyekuwa tayari kuweka jina lake, mshukuruni, mwambieni asisaini, na mpeni kazi ya kukagua daftari kila wiki. Mtu aliye tayari kubeba deni la wote atakuwa makini kuliko sisi wengine katika kuhakikisha halitokei.